Saruji

Mchana alikuwa sauti ya simu ya kati, Ruwi:
"Namba gani? Subiri. Haya, ongea."
Akiunganisha Maskati na Unguja kwa waya na vidole,
akisikia nani kafa, nani kajifungua,
na mbatata siku hizi kilo shilingi ngapi.

Alhamisi usiku alikuwa Luna.
Jina si lake. Meneja wa hoteli ya Kurumu alilichagua
kwa kuwa Shinuna binti Khalfani
lilizidi upana wa bango.

Mimi ndiye niliyebeba viatu.
Miaka tisa, mfuko wa duka la dhahabu mkononi,
ndani viatu vyekundu vya visigino,
na uongo wa kumpa Baba akiuliza:
Shangazi anafundisha watu kupiga taipu.

Nilikaa jikoni na Menino, Mgoa wa tarumbeta.
Alinipa zeituni, akanigongea mezani kwa vijiko:
tatu, kisha mbili.
Tatu,
kisha mbili.
"Ukiipoteza hii," akasema, "hata mkeo atakukanyaga."

Kihispania hakukijua.
Aliokota maneno kwenye kanda,
kanda ikinasa akiizungusha kwa penseli,
akayaandika kwa herufi za Kiarabu, kulia kwenda kushoto,
kama bibi yake alivyoandika madeni ya duka.
Na irabu? Irabu zilikuwa zetu, a e i o u,
wazi kama milango ya nyumba yenye harusi.
Rodel wa kinanda, Mfilipino wa Sebu,
aliapa mwanamke huyu hakuzaliwa upande huu wa dunia.

Akiimba hakutabasamu. Watu hudhani salsa ni meno.
Alisimama kama anayengoja simu ya mbali,
kiganja sikioni,
halafu laini ikashika.
Wahandisi wa mafuta wakasahau bilauri zao.
Wahudumu wakatembea kwa mdundo, wenyewe hawana habari.

Mwaka wa kumi na moja akapita daktari Mkuba.
Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta macho,
ndipo akauliza kwa adabu, Rodel akitafsiri:
Bibi, katika ule wimbo wa mapenzi,
kwa nini mwanamume anaondoka anakuachia saruji?
Neno ni hisia. Wewe waimba simenti.
Sentimiento. Semento.
Pumzi moja tu ilidondoka njiani.

Menino akatazama viatu vyake.
Shangazi akacheka, mara ya kwanza jukwaani,
akacheka mpaka wanja ukamwagika.
"Miaka kumi na moja nalilia saruji!
Basi sikukosea. Chungulia dirishani."
Na nje kweli Maskati ilikuwa ikimwagwa zege usiku huo,
daraja juu ya wadi,
taa za mafundi, magari yenye matumbo yanayozunguka.
Akaurudia wimbo. Saruji vilevile.

Hakufukuzwa na ndugu, wala na waadhi wa msikiti.
Baba alijua tangu zamani:
"Taipu gani hiyo inayochubua nyayo?"
Alisema hivyo, akageukia gazeti lake.
Kilichomfukuza ni mashine ya Kijapani
inayopiga bendi nzima na haili chakula cha usiku.
Mwaka uleule simu ya kati nayo ikawa ya mitambo.
Asiwe na mtu wa kumuunganisha,
asiwe na mtu wa kumwambia haya, ongea.

Imebaki kanda moja, upande mmoja.
Upande wa pili kaka yangu alirekodia mechi ya Kombe la Ghuba,
tulifungwa.

Hoteli imevunjwa. Nilipomwambia, akauliza tu:
"Na jukwaa? Lilikuwa la mbao."

Juzi, Al Khoudhi, jirani anaongeza ghorofa.
Gari la zege limesimama mlangoni tangu asubuhi,
tumbo linazunguka, linanguruma.
Shangazi, goti kwenye mto, kikombe cha kahawa mkononi,
akagonga ukingo wa sahani ya halua:
tatu.
Nikangoja.
Akanitazama kama vile zamu ni yangu.